Maji Niliyoyamwaga kwenye Mizabibu ya Dada

Nianze na kisima, maana asiyejua habari za kisima changu hataelewa kwa nini siku ile nilijiona mjanja kuliko mtaalamu. Kisima cha uani kwangu nilikichimba mwenyewe kwa sururu, kamba na ndoo, miezi mitatu mizima. Fundi mwenye vyeti alikuja na vyombo vyake, akazunguka kiwanja, akatikisa kichwa, akasema hapa mzee utachimba mpaka uchoke. Mimi nilitazama mchwa wanajenga wapi, nikatazama majani gani yanachelewa kukauka kiangazi, nikachimba hapo. Leo mtaa mzima unachota. Nimeishia darasa la nne. Nilitoka Kondoa na kaptula moja, nikabeba magunia soko la Majengo, nikauza vyuma chakavu, nikahamia kwenye milango na madirisha ya majengo yanayovunjwa. Mji huu wa Dodoma sasa unavunjwa upande huu na kujengwa upande ule kila siku, na sidhani kama kuna fundi asiyelijua geti langu. Sisemi haya kwa kujisifu. Au tuseme najisifu kidogo, lakini nasema kweli.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na miaka saba, yeye ana kumi na tano, na tangu siku hiyo ugali niliokula ulipikwa na mkono wake. Alipofiwa na mume alikuja kukaa kwangu, huku barabara ya kwenda Bahi. Nikampa chumba kizuri chenye dari, na kona ya kiwanja. Kwenye kona ile alipanda mizabibu arobaini kwa vipando alivyoombaomba kwa watu. Anaipogoa mwenyewe, na zabibu zikiiva anazibeba kwenye beseni mpaka sokoni, anauza mwenyewe. Niliwahi kumwambia apumzike, mimi uwezo ninao. Akanijibu bila kunitazama, mkasi mkononi:

"Mezani kwako nakula chako. Pale kwenye mizabibu nakula changu. Usinichanganyie."

Sikurudia tena.

Sasa vibao. Kuna jengo la zamani lilikuwa linavunjwa, nikanunua milango yake yote, na pamoja na milango nikapata vibao kumi na vinne vya kijani, vile vya kuonyesha watu pa kutokea moto ukizuka. Vilikuwa vinawaka. Havina waya. Nikavigeuza kutafuta betri, hakuna. Nikavifungia kabatini siku mbili nikidhani vinakula jua, nikafungua, vinawaka vilevile. Mwanga wenyewe haukuwa mkali, ulikuwa kama wa kimulimuli aliyechoka, lakini ulikuwa mwanga wa bure. Nyuma kulikuwa na alama ya mapanga matatu, rangi nyeusi juu ya njano. Nikajiambia hiki ni kiwanda cha feni.

Kimoja nilikitundika chooni. Jirani yangu wa ng'ambo ya ua, Mgogo na mtani wangu, ndiye anayeniletea samadi ya ng'ombe. Aliingia mle, akatoka anacheka.

"Ninyi watu wa Kondoa," akasema, "choo chenu kina taa kuliko sebule."

"Kwako hata sebule haina," nikamjibu.

Ndipo nikapata wazo. Ndani ya vibao kulikuwa na mirija ya kioo, myembamba kama rifili ya kalamu, na mwanga ulikuwa unatoka humo. Nikaona nikiichomoa nitaipanga getini iandike herufi ya kwanza ya jina langu, mtu akipita barabarani usiku ajue hapa anakaa nani. Nikakaa na bisibisi. Mrija wa kwanza ukavunjika. Wa pili ukavunjika. Nilivunja vibao sita kabla sijakubali kwamba kazi ile haina fundi, na mabaki yote, vioo na plastiki, nikayatupa kwenye shimo la samadi, nikayafukia. Shimo lile liko hatua tano kutoka mstari wa kwanza wa mizabibu ya dada, upande wa juu wa mwinamo. Ilikuwa mwanzo wa mvua.

Mwezi uliofuata injinia mmoja kijana alikuja kununua milango. Nikamwonyesha kibao, nikamsifia: hakina waya, hakina betri, hakidai umeme. Akakigeuza, akaona yale mapanga matatu, akasoma maandishi madogo chini yake. Halafu akakirudisha mezani polepole kama anayeweka yai.

"Mzee, viko vingapi?"

"Kumi na vinne."

"Vyote vizima?"

"Vinane."

"Na sita?"

"Viko kwenye samadi."

Akatoa simu. Alizungumza na watu wanaohusika na mambo ya mionzi, kisha akanipa simu nizungumze mwenyewe. Sauti ya upole ikaniambia vile vizima niviweke kwenye chumba chenye hewa nikifunge, shimo nilizungushie uzio, nisilichimbe, nisitoe samadi, na chochote kinachoota karibu na shimo kisiliwe wala kisiuzwe mpaka waje wapime. Wiki tatu hivi watafika.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno, maana mimi simu huiweka kwenye spika.

"Chochote kinachoota karibu ni nini?" akauliza.

Nikageuka kutazama mizabibu. Zabibu zilikuwa zimeanza kubadilika rangi.

"Wakisema ing'olewe?"

"Hawawezi kusema hivyo."

"Wewe umejuaje?"

Nilikuwa sijui. Aliingia chumbani kwake, na jioni ile alikula kidogo sana. Miche ile ilikuwa imemchukua miaka minne mpaka kuzaa vizuri. Mwanamke wa umri wake hapandi tena mingine arobaini.

Basi nikafanya nilichokiona ni cha maana. Mimi najua vumbi la saruji: ukilifunika umelimaliza. Nikanunua nailoni pana ile inayoonyesha ndani, nikalifunika shimo lote, nikabana kingo kwa mawe. Hakuna aliyeniagiza. Asubuhi ya pili nikaenda kutazama, na chini ya nailoni palikuwa pamejaa matone, makubwa, meupe, kama jasho kwenye paji la mpagazi. Mvua ilikuwa imekata katikati ya msimu, kama kawaida yake kwetu, na ardhi imeanza kupasuka.

Lazima niseme hapa jinsi tulivyolelewa. Kwetu maji hayamwagwi ovyo. Maji ya kunawa kabla ya kula huenda kwenye mti. Maji ya kuoshea mchele huenda kwenye mti. Hata mtu akisukutua mdomo, dada atamwuliza kwa nini hakusogea kule kwenye mizabibu. Sasa mimi mtu wa malezi hayo nione matone yale yanarudi ardhini bure? Nikainua upande mmoja wa nailoni, nikaigonga, matone yakateremka kwenye kopo la rangi. Yalijaza karibu nusu. Nikayamwaga kwenye mizabibu ya mstari wa kwanza. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki tatu nzima, kila asubuhi baada ya swala, kopo moja kwa mche huu, kesho kwa mche ule. Dada alikuwa na huzuni, nami niliona angalau mizabibu yake isipate kiu. Nilijihesabu kuwa nimechimba kisima cha pili, tena bila sururu.

Mtaalamu alipofika alikuwa binti wa miaka kama thelathini, viatu vya shamba, dereva na mizigo ya chupa. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Nikampenda kwa salamu. Akatoa kifaa kidogo kama redio, akakipitisha kwenye lango la ua, kwenye choo, juu ya shimo. Kilikuwa kinapiga tik moja moja, kwa uvivu, popote alipokipeleka.

Nikageuka nyuma. Dada yupo, mtani wangu yupo ng'ambo ya ua amekunja mikono. Nikawatangazia: "Mmesikia wenyewe. Pasafi."

"Baba," binti akasema, "hiki hakiwezi kuisikia."

"Kuisikia nini?"

"Tritiamu. Ndiyo gesi iliyokuwa kwenye mirija. Mionzi yake ni dhaifu mno, haipiti hata ngozi ya mkono wako. Ukiishika haikudhuru. Shida ni ukiinywa au ukiivuta ikawa nyingi, maana hapo iko ndani. Hiki nimekileta kuona kama kuna kitu kingine zaidi yake. Hakuna, na hilo ni jema."

"Sasa kama ni gesi, si imeshapeperuka?"

"Nyingi imepeperuka. Lakini mirija mingine huwa inapata ufa tu, inavuja kidogo kidogo. Na udongo una vijidudu vyake, hasa wenye samadi. Vijidudu hivyo huichukua ile gesi na kuigeuza maji."

"Maji gani?"

"Maji. Tritiamu ni ndugu wa haidrojeni, ile iliyomo kwenye maji yote. Ni nzito zaidi, basi. Ikishaingia kwenye maji huwezi kuichuja, huwezi kuichemsha ikaisha, haina rangi, haina harufu. Sumu nyingine hushika udongo, hung'ang'ania mfinyanzi, unaikuta palepale ulipoimwaga. Hii haishiki chochote. Maji yakienda nayo inakwenda, yakisimama inasimama."

Nikamtazama. Nilihisi mwanga umeniwakia kichwani, na huo haukuwa wa kibao.

"Kwa hiyo kinachotafutwa hapa ni maji kwenye udongo."

"Ndiyo."

"Binti yangu, umefika kwa mwenyewe."

Nikamwonyesha kiwanja changu kama anavyoonyeshwa mtu nyumba. Nikamwambia hapa chini, kina cha mkono mmoja, kuna gamba la chokaa, gumu, jeupe. Mvua ikinyesha maji hushuka mpaka kwenye gamba, hayapiti, yanateleza kufuata mwinamo kuelekea mizabibu. Kisima kiko upande wa juu, na nilikitoboa pale ambapo gamba limekatika, ndiyo maana yule fundi mwenye vyeti hakupaona. Binti akachukua chuma chake cha kutobolea udongo, akakizungusha, na kwenye kina cha mkono mmoja kikagonga: ko. Akahama hatua tatu. Ko. Akachora kwenye daftari lake, akaniuliza maswali, nami nikamjibu yote.

"Umeniokolea nusu siku, baba," akasema. Nilimwomba aseme kwa sauti ili mtani asikie, akasema.

Akaendelea kueleza, na dada akasogea karibu. Ukame wetu, alisema, una upande mzuri. Mvua zetu chache hazina nguvu ya kuisukuma tritiamu chini sana. Jua na upepo wa kiangazi huyavuta maji juu, na yakitoka ardhini yanakwenda nayo hewani, yanachanganyika na hewa yote ya Mungu, haidhuru mtu. Mizizi nayo inayanywa, majani yanayatoa jasho. Na yenyewe ile tritiamu inakufa taratibu: kila miaka kumi na miwili na kitu, nusu yake haipo. Ndiyo maana vibao vilikuwa hafifu, vimezeeka.

"Basi mizabibu itapona?" dada akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza.

"Inategemea imekunywa kiasi gani, mama. Kama shimo liliachwa wazi, nyingi imeshakwenda juu, na iliyofika huku ni kidogo." Akageuka kutazama shimo. Nailoni ilikuwa bado ipo, na matone yake, na kando yake kopo la rangi. "Hii nailoni nani aliweka?"

"Mimi," nikasema, bado nina furaha ya kusifiwa.

"Na kopo?"

Nikaanza kueleza. Nilianza kwa sauti kubwa nikamaliza kwa ndogo, maana katikati ya maneno nilijisikia mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale nikimfundisha mtu wa watu jinsi maji yanavyotembea, na yale matone yalikuwa ni yaleyale maji. Jua lilikuwa linayavuta yaende zake hewani. Mimi nikayazibia njia, nikayakinga kwenye kopo, nikayapeleka kwa mkono kwenye mizizi ya dada yangu, kila siku, wiki tatu.

Mtani hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo ni mazito.

"Ulikuwa unaninyweshea mizabibu?" dada akauliza.

"Nilikuwa nakusaidia."

"Asubuhi zote zile nilikuona, nikasema moyoni leo ndugu yangu ana adabu."

Akaondoka akaenda kukaa kwenye kigoda chake katikati ya mistari, mikono magotini. Sikumfuata.

Binti alifanya kazi mpaka alasiri. Alichota udongo wa kila kina, akaufunga kwenye chupa haraka haraka ili unyevu usitoroke. Alichota kisimani. Kwenye mizabibu alifanya jambo lililonipendeza hata katika aibu yangu: alifunga mifuko ya nailoni kwenye matawi yenye majani, na baada ya saa kadhaa kila mfuko ulikuwa na maji chini, jasho la mzabibu wenyewe. Akayamimina kwenye vichupa. Mwisho akanipa chupa, akasema kwa heshima na mimi nipimwe, kwa kuwa nilivunja mirija kwa mkono. Nikaijaza mpaka shingoni. Mkojo wangu umesafiri kwa gari la serikali kwenda maabara, na sijasikia mtu mwingine mtaani kwetu mwenye kusema hivyo.

Siku za kungoja majibu dada alizungumza nami kwa maneno ya lazima: chumvi, mlango, kuna mgeni. Zabibu zikaiva. Nyuki wakaja. Za mstari wa mbali aliambiwa asubiri nazo pia, na kila asubuhi nilimwona akiinua vishada kwa kiganja kuangalia uzito, kisha anaviachia.

Binti alirudi mwenyewe kutuambia, hakupiga simu. Tukakaa kivulini, yeye, dada na mimi. Kisima hakina kitu. Mkojo wangu una kidogo sana, ninywe maji kwa wingi, mwili unaitoa kama unavyotoa maji mengine, wiki chache itakuwa imekwisha. Mizabibu thelathini na moja haina neno, zabibu zake ziuzwe leo hii. Mizabibu tisa ya mstari wa kwanza imekunywa.

"Iliyokunywa ing'olewe?" dada akauliza.

"Hapana mama. Msiing'oe. Inatoa kwa majani kila siku yenye jua. Zabibu zake za msimu huu tutazichukua sisi, si kwa kuwa zingemuua mtu, ni kidogo, ila kitu kinachoweza kungoja kingoje. Kuna sehemu imeingia kwenye sukari na kwenye mti, hiyo hukaa zaidi, ndiyo sababu nataka uipogoe kwa nguvu, matawi tuyachukue. Kuni zake msichome, majani mbuzi wasile. Shimo tutalitoa lote na vibao vyote. Udongo uliobaki uachwe wazi, jua lipige. Na usimwagiliwe chochote." Alisema hilo la mwisho akiwa ananitazama mimi.

Dada alivuta pumzi, ndefu, kama mtu anayetua mzigo. Halafu akaniambia maneno ya kwanza yasiyo ya lazima kwa muda mrefu:

"Umesikia? Usimwagilie chochote. Hata ukitaka kutema mate, nenda kwa mtani wako."

Wakaja na mapipa yenye vifuniko, wakabeba samadi, vioo, vibao vizima, na kile cha chooni pia. Dada akaipogoa ile tisa mpaka ikabaki kama ngumi. Alisimama juu yangu nikikusanya matawi, nisiache hata kikonyo. Kiangazi kikaingia na upepo wake mwekundu unaokausha hata macho. Miaka yote nimeutukana upepo ule. Mwaka ule, nikiuona unapiga pale palipokuwa na shimo, nilikuwa nasema moyoni piga, ongeza. Nikawa nachota kisimani ndoo kwa ndoo kwa ile mizabibu mingine, mimi, mtu mwenye vijana wa kutuma, kwa sababu dada alisema maji ya mizabibu yake sasa yatamwagwa mbele ya macho yake. Tumbo langu lilipungua. Watu wakaniuliza siri.

Ile tisa ilichipua kabla ya mingine. Mtani anasema ni kwa sababu ya kupogolewa sana, na pengine ni kweli, ingawa mimi nilishaanza kusema ni mkono wangu. Mwezi wa nane binti akaja tena na mifuko na vichupa vyake, na majibu yalipofika yalisema mizabibu tisa sasa iko kama mingine, tofauti yake haina maana tena. Kwenye udongo, juu ya gamba la chokaa, bado kuna kidogo, chini ya kiwango cha kumhangaisha mtu. Nikauliza itaisha lini kabisa. Akasema kabisa ni neno gumu, lakini nusu yake itakuwa imekufa baada ya miaka kumi na miwili na kitu, hata kama maji yasingeipeleka popote. Nikapiga hesabu ya umri wangu. Nitakuwepo, inshallah, na nitamwonyesha atakayekuja kupima mahali pa kutobolea.

Siku ya kuvuna dada alianza na mstari wa kwanza. Alikata kishada kimoja cha mche wa mwanzo, ule uliopata kopo langu mara nyingi kuliko yote, akakiosha kwa maji ya kisima, na maji ya kuoshea akayaangalia kidogo kwenye bakuli. Halafu akayamwaga palepale kwenye shina, yeye mwenyewe.

"Haya," akaninyooshea kishada. "Anza wewe. Wewe si ndiye uliyeninyweshea."

Nikala moja. Nikala ya pili. Zilikuwa tamu, na ngozi yake ngumu kidogo kama zabibu za kwetu zote. Alinitazama nikitafuna mpaka nikameza, ndipo naye akachuma moja akatia mdomoni, akatafuna taratibu, akafumba macho. Kisha akafunga kanga kiunoni, akaliinua beseni, akakataa nimbebee mpaka barabarani, akasimamisha bajaji mwenyewe kwenda Majengo.